Mwongozo kamili wa safari ya kwadi: kutoka Lubumbashi hadi vijia vya Livingstone

Mtu wa Lubumbashi anayepata likizo wakati wa kiangazi mara nyingi huelekea kusini: anavuka mpaka wa Kasumbalesa, anapita miji ya shaba ya Zambia, analala Lusaka, na kesho yake jioni yuko Livingstone, karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Wengi hawaridhiki tena kuyatazama maji tu. Wanataka pia kupanda kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, na kumfuata kiongozi kwenye vijia vya vumbi vinavyopita vijijini na kukaribia makorongo ya Mto Zambezi. Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo, hasa yule ambaye hajawahi kuishika kwadi, na zaidi yule anayeamini kwamba kwa kuwa anaendesha pikipiki kila siku kati ya Katuba na Kenya, mitaa yetu ya Lubumbashi, basi hana la kujifunza.

Huyo wa pili ndiye ninayemhofia. Nilimwona shemeji yangu, mwendeshaji hodari ambaye barabara ya Kasapa anaijua hata gizani, akidondoka katika kona ya kwanza kabisa. Hakuwa na mwendo wowote wa maana. Alihisi chombo kinamwelemeza upande, akafanya kile ambacho mwili wake umekizoea kwa miaka kumi: alishusha mguu ili ajitegemeze. Gurudumu la nyuma likampanda kisigino, likamvua kiatu na kumwacha amekaa mchangani na soksi moja. Mfupa ulinusurika kwa sababu mchanga ulikuwa laini. Ingekuwa juu ya mwamba, likizo yetu ingeishia hospitalini.

Kukijua chombo kabla ya kukipanda

Kwadi hudanganya macho. Inasimama yenyewe, haihitaji kusawazishwa, na nyingi za kukodisha hazina klachi, kwa hiyo mgeni huiona kama kiti chenye injini. Lakini historia yake ni historia ya kupinduka. Honda ilianza kuuza chombo cha aina hii chenye magurudumu matatu mwaka 1970. Suzuki ikaleta cha magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na mwaka 1988 watengenezaji walikubali kuacha kuuza vya magurudumu matatu nchini Marekani, kwa sababu vilikuwa vikiwaangukia watu. Gurudumu la nne lilipunguza tatizo bila kuliondoa. Kwadi ya kawaida ya watu wazima ina uzito wa kilo 200 hadi 300 na zaidi, imesimama juu kuliko upana wake unavyostahili, na ikimlalia mtu, mtu huyo hawezi kujinasua peke yake.

Jambo la pili la kulielewa ni magurudumu ya nyuma. Katika kwadi nyingi yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, kwa hiyo yote mawili huzunguka kwa mwendo uleule. Gari likikata kona, gurudumu la ndani huzunguka polepole kuliko la nje, na difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Kwadi isiyo na difu hung'ang'ania kwenda mbele moja kwa moja hata ukigeuza usukani, na ndiyo sababu mwendeshaji anapaswa kuisaidia kwa uzito wa mwili wake, jambo nitakalolieleza mbele. Matairi nayo ni mapana na laini, na mara nyingi hujazwa upepo usiofikia psi 8, wakati tairi la gari huhitaji 30 hivi. Ulaini huo huyafanya yakumbatie mchanga na mawe, lakini kwenye lami hukamata vibaya na kuyumba, ndiyo maana kiongozi mzuri huvusha kundi lake barabara ya lami moja kwa moja na hakubali lifuate lami kwa raha zake.

Kupanga safari

Hali ya hewa ya Livingstone haiko mbali na ya Haut-Katanga: mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, kisha kiangazi hushika hadi Oktoba. Wakati wa mvua vijia huwa tope, na mwezi Oktoba joto ni kali kiasi cha kumchosha mtu aliyevaa kofia ngumu ndani ya dakika chache. Maporomoko yenyewe hujaa maji zaidi Aprili na Mei, na kufikia Oktoba upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta wa mwamba hubaki mtupu. Ukitaka vyote viwili, maji mengi na njia kavu, kwa maoni yangu Juni na Julai ndiyo miezi bora, ingawa asubuhi baridi huuma na koti la kuzuia upepo si anasa. Kumbuka tu kwamba Jumatatu ya kwanza ya Julai na Jumanne inayoifuata ni sikukuu za taifa nchini Zambia, hivyo nafasi hujaa mapema.

Safari kwa barabara ni takriban kilomita 1,000, na sishauri mtu aikimbilie kwa siku moja. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi, lakini foleni ya malori ya shaba inaweza kula nusu ya siku, kwa hiyo ondoka alfajiri. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ubadilishe sehemu ya dola zako ziwe kwacha, maana vijijini na kwenye vituo vya mafuta kwacha ndiyo inayopokelewa bila maswali. Saa huna haja ya kuibadilisha, kwani Lubumbashi na Zambia ziko kwenye saa moja. Kinachobadilika ni upande wa barabara: sisi tunapita kulia, wao wanapita kushoto, na dereva aliyechoka hulisahau hilo zaidi anapotoka kituo cha mafuta au hotelini asubuhi, wakati barabara haina gari jingine la kumkumbusha.

Jambo ambalo wengi huliruka ni bima. Soma mkataba wa bima yako ya safari mstari kwa mstari, kwa sababu bima nyingi huondoa ajali za kwadi au hudai nyongeza ya malipo, na neno hilo hufichwa katika orodha ya michezo ya hatari. Mwulize wakala akujibu kwa maandishi kama kwadi inayoongozwa imo, na kama gharama ya kumsafirisha majeruhi hadi hospitali kubwa imo pia. Kumrudisha nyumbani mtu aliyevunjika mguu, kilomita 1,000 pamoja na mpaka, ni mzigo ambao familia haiwezi kuubeba kwa kuchangishana.

Kumchagua mwenye kwadi na kiongozi

Bei hupangwa kwa saa au kwa nusu siku, na watu huanza kwa kuilinganisha hiyo. Mimi naanza na kiongozi, kwa sababu yeye ndiye ninayemlipa. Mashine ni nyongeza. Kabla ya kutoa pesa, uliza kiongozi mmoja anachukua waendeshaji wangapi, na kama kuna mwingine anayefunga msafara kwa nyuma. Uliza kama kuna uwanja wa mazoezi kabla ya kutoka, na mazoezi hayo yanachukua muda gani. Uliza kama wanabeba sanduku la huduma ya kwanza na redio au simu inayoshika mtandao huko wanakokwenda, na hospitali wanayoitegemea iko wapi. Mtu anayejibu maswali haya bila kukasirika ana majibu. Anayecheka na kusema «hakuna shida, ni rahisi tu» ameshakujibu pia.

Lugha ina uzito wake. Maelezo ya usalama Livingstone hutolewa kwa Kiingereza, na mtu anayeona haya kusema kwamba hakuelewa hujiweka hatarini yeye na wenzake. Viongozi wengi wa huko husema pia Kitonga, Kilozi au Kinyanja, na si ajabu kumpata anayesema Kibemba, ambacho familia nyingi za Lubumbashi zinakifahamu. Omba maelezo yarudiwe katika lugha unayoielewa. Karatasi ya kukubali dhima utakayoletewa usiisaini ukiwa umesimama huku wenzako wameshapanda; kaa, isome au usomewe, na uangalie hasa kifungu kinachosema nani analipa mashine ikiharibika. Kisha zunguka kwadi yako ukiipiga picha pande zote nne, hasa mikwaruzo ya zamani, mbele ya mwenye mali.

Kuhusu watoto na abiria nina msimamo mkali. Kwadi kubwa hubandikwa na watengenezaji wake onyo kwamba haifai mtu aliye chini ya miaka 16, na nyingi zimeundwa kwa mtu mmoja tu, hata kama kiti kinaonekana kirefu: urefu ule ni wa mwendeshaji kusogea mbele na nyuma anapopanda na kushuka mlima. Abiria akikaa pale huinyima kwadi uwezo wake wa kusawazishwa. Mama mjamzito na mtu mwenye maumivu ya mgongo wabaki kwenye maporomoko. Mtikisiko wa saa mbili haumhurumii mtu.

Mavazi

Vaa suruali ndefu ya kitambaa kigumu, shati la mikono mirefu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Bomba la moshi na ubavu wa injini huunguza, na ndala hazina nafasi hapa. Kina mama waache kikwembe hotelini, hata cha kufunga juu ya suruali, kwa sababu ncha yake ikinaswa kwenye gurudumu au ekseli inamvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Skafu ya kuzuia vumbi ni nzuri, ila ncha zake zichomekwe ndani ya shati.

Kofia ngumu, ile tunayoiita kaske mtaani, ndiyo inayostahili muda wako. Ivae, funga ukanda wa kidevuni, kisha ishike kwa mikono miwili na ujaribu kuizungusha: ngozi ya uso inapaswa kusogea pamoja nayo. Sukuma sehemu ya nyuma kwenda juu. Ikikufunika macho, ni kubwa. Mwenye misuko mirefu aifunge shingoni kwanza, kwa maana kofia iliyopachikwa juu ya fundo la nywele inaelea na haikingi kichwa. Mahali pamoja nilipewa kofia yenye ufa na ukanda uliokatika kifungio chake. Nilikataa kupanda, na ndani ya dakika mbili ikaletwa nyingine nzima kutoka ndani. Ilikuwepo siku zote. Ilisubiri mtu wa kuidai.

Mazoezi ya dakika ishirini za mwanzo

Kaa katikati ya kiti, viwiko vimepinda kidogo, miguu yote miwili juu ya sehemu ya kukanyagia, na uapie kwamba haitashuka mpaka injini izimwe. Mafuta hayavutwi kwa kuzungusha mkono kama kwenye pikipiki yetu, bali kuna kijiti kidogo chini ya kidole gumba cha kulia, na ukikisukuma chombo kinaondoka. Hapa pana mtego: kwadi ikiruka juu ya jiwe, mwili hurudi nyuma, mkono hukaza usukani, na kidole gumba hukibana kijiti bila wewe kukusudia. Kabla ya kuondoka tafuta kwa mkono swichi nyekundu ya kuzimia injini, ifikie bila kutazama mara tano, na umwombe kiongozi akuonyeshe breki zote pamoja na kichagua gia, ambacho kwa kawaida kina mwendo wa kawaida, mwendo mzito wa kupandia, nafasi tupu na kurudi nyuma.

Kona ndiyo somo kubwa. Punguza mwendo kabla ya kuingia, tazama kule unakotaka kutokea, geuza usukani, kisha sogeza kiwiliwili ndani ya kona huku mguu wa nje ukikanyaga kwa nguvu zaidi. Unapofanya hivyo unalipunguzia uzito gurudumu la ndani la nyuma, nalo linateleza kidogo, na ile ekseli ngumu inakubali kugeuka. Usipofanya hivyo, mambo mawili hutokea: ama kwadi inakwenda mbele kwenye vichaka, ama magurudumu ya ndani yananyanyuka. Zunguka uwanja kushoto mara kumi na kulia mara kumi. Waendesha pikipiki hulala pamoja na chombo chao na hutaka kwadi nayo ilale. Haitalala, na ni lazima mwili ukubali kuinama peke yake.

Njiani

Msafara huenda kwa mstari mmoja. Acha nafasi ya kutosha hadi vumbi la aliyekutangulia litue na uione njia, ambayo kiangazi ni mita 30 au zaidi. Mwenye haraka ya kumkaribia mwenzake anaendesha akiwa kipofu. Kiongozi akiinua mkono juu, simama na uinue wa kwako ili wa nyuma aone. Usimpite mtu. Kijia kisichojulikana kina visiki chini ya majani na vichuguu vidogo vilivyofunikwa na nyasi. Sisi wa Katanga tumezoea vichuguu virefu kama nyumba, na hivyo vikubwa havina hatari kwa kuwa vinaonekana.

Kupanda mlima kunaanzia chini. Chagua gia nzito kabla hujafika, sogea mbele kwenye kiti na uinamie usukani, kisha toa mafuta kwa kipimo kimoja bila kushtuka, kwa kuwa mafuta ya ghafla kwenye mteremko mkali huinua pua ya kwadi na kuipindua kwa nyuma juu ya mwendeshaji. Injini ikikosa nguvu katikati, shika breki papo hapo, uzito ukiwa mbele, na usikubali ianze kurudi nyuma. Ukishindwa, shuka upande wa juu wa mlima na umsubiri kiongozi. Kujaribu kugeuka katikati ya mlima ni kosa ambalo sijaona mtu akilifanya mara mbili.

Kushuka ni kinyume chake: rudi nyuma kwenye kiti, nyoosha mikono, acha kijiti cha mafuta, tumia gia nzito ili injini yenyewe ikuzuie, na ushike breki kidogo kidogo huku ukiteremka moja kwa moja. Ukilazimika kukata ubavu wa mlima, egemeza kiwiliwili upande wa juu na uende polepole. Kama hofu inakuambia pamezidi, simama. Kiongozi hatakucheka, na akikucheka ulichagua vibaya.

Kwenye mchanga mzito endelea na mwendo wa wastani usiokatika, ukiruhusu usukani ucheze kidogo mikononi, kwa kuwa anayeukaza huchoka mabega baada ya nusu saa. Kwenye mawe simama kidogo juu ya miguu, magoti yakipokea mishtuko badala ya mgongo.

Vijijini na mbele ya wanyama

Kijia unachokifurahia ni njia ya watu kwenda kisimani na shuleni. Fikiria mama ameanika mahindi au mboga uani pake, nawe unapita na kumwachia vumbi juu ya chakula cha wiki nzima. Punguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea haraka mara tu unapoona paa la kwanza, na usiuongeze mpaka uache la mwisho nyuma. Mbuzi mmoja akivuka, wengine watamfuata, kwa hiyo ngoja. Watoto watakimbia pembeni wakipunga mikono. Itikia kwa kichwa, kwa sababu mkono ukitoka kwenye usukani, magurudumu yanaweza kwenda kwao. Ukisimama, zima injini kwanza, vua kofia, salimia wakubwa kabla ya kutoa simu, na picha iombe kama unavyotaka uombwe wewe nyumbani kwako.

Tembo nao hutembea nje ya mipaka ya hifadhi katika eneo la Livingstone. Ukimwona, simama nyuma ya kiongozi, usipige honi, usiteremke, usijaribu kumzunguka kwa ajili ya picha. Kiongozi ndiye ataamua kama mnasubiri au mnarudi mlikotoka.

Kurudi

Mtu akianguka, wote mnasimama na kuzima injini, na hakuna anayemwinua majeruhi kabla kiongozi hajamwuliza kuhusu shingo, mgongo na hisia za vidole. Mchubuko uoshwe kwa maji safi palepale, maana vumbi la njiani limechanganyika na kinyesi cha mifugo.

Mkimaliza salama, izungukeni kwadi pamoja na mwenye mali, mlinganishe na picha za asubuhi, na mkubaliane kabla hamjaachana. Mpe kiongozi bahashishi yake mkononi. Oga, safisha pua kwa maji, kunywa maji mengi, na usipange kushika usukani wa gari jioni ile: baada ya saa tatu za kubana kijiti cha mafuta, kidole gumba cha kulia hutetemeka hata kwa kushika kikombe cha chai, na bado mbele yako kuna kilomita 1,000, nyingi zake za kupita kushoto.